Bundi anayelia juu ya bati lako si yule wa Sokoke

"Mtaalamu, pokea salamu. Naishi upande wa Ganze, mwendo wa kama nusu saa kwa miguu hadi ukingoni mwa msitu wa Arabuko-Sokoke. Tangu masika kuna bundi amezoea kutua juu ya paa letu usiku na kulia. Mama mkwe amesema tumfukuze au tumuue kabla hajatuletea msiba. Kijana wangu naye anasema mwalimu amewafundisha kwamba msituni kuna bundi mdogo ambaye anakaribia kwisha duniani, na tukimuua huyu wetu tutafungwa. Jirani ananiambia kuna watu wananunua mayai ya bundi kwa pesa nyingi. Nimesikia pia kwamba hao wadogo wamebaki jozi mia nane hivi, na kusema kweli mimi naona mia nane si wachache. Je, huyu wetu ndiye? Na nikipanda miti shambani, atahamia kwangu apate pa kukaa?"

Salamu zimefika, ndugu yangu. Umeuliza maswali matano ndani ya barua moja, na nafurahi hukuyatenganisha, kwa sababu yameshikana. Kuna watu watatu wanaokuzunguka na kila mmoja anamtazama bundi kwa jicho lake: mama anaona uchuro, kijana anaona sheria, jirani anaona pesa. Wewe uko katikati, unataka tu kujua ni ndege gani huyo. Basi tuanze na hilo.

Huyo wa kwenu siye. Nasema hivyo bila kumwona, na nitakueleza kwa nini nina uhakika. Bundi mdogo wa Sokoke hatui juu ya mabati. Haji penye nyumba, hapendi uwanja ulio wazi, na hata msituni kwenyewe hakai kila mahali. Ni ndege wa sentimita 15 hadi 18 tu kutoka kichwani hadi mkiani, mwenye uzito wa gramu 50 hivi. Ukimshika mkononi (usimshike) angeenea kiganjani na nafasi ikabaki. Ndege wa umbo hilo akitua juu ya paa lenu usiku, hata mshindo wake hamtausikia.

Ninayemshuku ni yule bundi mweupe, mwenye uso bapa wa umbo la moyo na macho meusi, ambaye halii kwa mdundo bali hupiga ukelele mrefu wa kukwaruza, kama mtu anayechana turubai. Huyo ndiye jirani wa watu. Hulala darini, kwenye majengo yaliyoachwa, kwenye mapango ya miti mikubwa iliyosimama peke yake shambani. Kama sauti yenu ni tofauti, nipe nafasi ya pili: ikiwa mnasikia "prrup" moja fupi, kisha kimya cha sekunde tano hadi nane, kisha "prrup" nyingine, mkadhani ni mdudu au chura, huyo ni binamu wa yule wa Sokoke, anayepatikana sehemu nyingi za Afrika zenye miti ya hapa na pale. Hayuko hatarini. Wa Sokoke mwenyewe hutoa mfululizo wa miluzi laini, "huuk-huuk-huuk-huuk", mitano hadi tisa kwa mwendo ulio sawa, halafu hunyamaza. Huipiga zaidi baada ya giza kuingia na tena kabla ya mapambazuko. Mwambie kijana azitie sikioni sauti hizo tatu. Kwa usiku, sikio linashinda tochi.

Sasa nizungumze na mama, kwa heshima. Nimekulia nyumba ambayo bundi akilia watu walirusha kijinga cha moto, kwa hiyo simcheki mtu. Lakini tazama jambo hili lilivyo. Bundi mweupe hufuata panya. Panya hufuata ghala la mahindi. Ghala liko kwenye boma lenye watu wengi, na penye watu wengi ndipo penye wazee na wagonjwa. Anayeuguza hukesha. Anayekesha humsikia bundi ambaye usiku mwingine wote alilia watu wakiwa wamelala fofofo. Mgonjwa akifariki, tunaukumbuka ule usiku. Usiku mia moja uliopita salama haukumbukwi na mtu. Ndivyo sifa mbaya ilivyomganda ndege huyu, na yeye kazi yake yote ni kuwapunguzia panya. Kama kelele zinawasumbua, zibeni tundu la dari wakati hakuna makinda ndani, na mtamwona amehama mwenyewe. Ila msitumie sumu ya panya wakati yupo. Panya aliyekula sumu hafi palepale. Hutangatanga mlegevu, bundi humla, na sumu huhamia kwake.

Kuhusu kufungwa, kijana ana hoja, ingawa amemkosea ndege. Sheria ya Kenya ya uhifadhi wa wanyamapori ya 2013 haiangalii tu walio adimu. Kuua, kunasa au kuuza mnyamapori bila kibali ni kosa, na adhabu huwa nzito zaidi akiwa ni wa spishi iliyo hatarini. Bundi wote duniani pia wamo katika orodha za mkataba wa kimataifa wa CITES unaodhibiti biashara ya viumbe pori. Kwa hiyo hata huyu wenu wa kawaida si wa kuguswa. Na jirani yako mwambie awaogope hao wanunuzi. Uvumi wa mayai ya bundi umewahi kuzunguka nchini, na kila ninapouliza ni nani aliyelipwa, naelekezwa kwa mtu wa kijiji cha tatu. Nilichokiona mimi ni viota vilivyovunjwa, basi.

Tukishamwacha wa paani kwa amani yake, tuingie msituni, maana swali lako zito ni lile la jozi mia nane.

Bundi huyu alitambuliwa na sayansi juzijuzi tu. Mtaalamu wa ndege Mmarekani S. Dillon Ripley ndiye aliyemwandika mwaka 1966, akampa jina la kisayansi Otus ireneae kwa heshima ya Irene Morden. Bila shaka wazee wa pembezoni mwa msitu walimsikia karne nyingi kabla ya hapo. Kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba duniani kote yupo Arabuko-Sokoke peke yake, hadi mwaka 1992 alipopatikana pia Tanzania, kwenye misitu ya chini ya milima ya Usambara Mashariki. Hata hivyo wengi wao, kwa umbali mkubwa, wako huku kwenu Kilifi.

Msitu wa Arabuko-Sokoke una kilomita za mraba 420 hivi, na ni kipande kikubwa kuliko vyote vilivyobaki vya msitu mkavu wa pwani ya Afrika Mashariki. Mtu akisikia hivyo hudhani bundi ana kilomita 420 za kujinafasi. Hapana. Huo si msitu mmoja, ni mitatu iliyoshikana. Upande wa mashariki, karibu na Gede, kuna msitu mchanganyiko wenye mbambakofi na jamaa zake. Katikati, kwenye mchanga mweupe, kuna miti iitwayo mirihi, iliyoachana kiasi cha jua kufika chini. Upande wenu wa magharibi udongo unageuka mwekundu, na juu yake kuna kichaka kizito cha miti iitwayo Cynometra pamoja na Manilkara, mihugu ikiwa imechomoza humo, na mimea ya kutambaa imefungamana hadi mtu hupita kwa kuinama. Bundi wetu anakaa kwenye huo udongo mwekundu. Ukivuka tu kuingia kwenye mirihi, sauti yake inakatika.

Kwa nini awe mchaguzi hivyo? Fikiria maisha ya ndege wa gramu 50. Mchana kutwa analala, na kila kiumbe kilichomzidi kinaweza kumla: kipanga, nyoka, hata bundi mkubwa wakati wa machweo. Hana nguvu ya kupigana, ana rangi tu. Wako wa kijivu, wa kahawia na wa rangi ya kutu, na rangi hizo hazina uhusiano na dume au jike wala umri. Wote watatu, wakifumba macho na kujinyoosha, huwa kama jani kavu au kipande cha gome. Lakini rangi hiyo inamfaa mahali penye matawi mengi yaliyosongamana karibu na ardhi, kwa sababu hupenda kulala chini chini, mara nyingi dume na jike begani kwa bega. Nimewahi kusimama hatua nne kutoka kwa jozi iliyolala, mwongozaji akininyooshea kidole, nami nikaendelea kuuliza, "Wapi?" Mahali palipofyekwa hata kidogo, hila hiyo haifanyi kazi tena.

Usiku huamka kula wadudu: nyenje, vunjajungu, mende wa msituni, wale wadudu wembamba wanaofanana na vijiti. Hao pia wanataka kichaka chenye majani mengi yaliyooza chini. Halafu kuna suala la pa kutagia. Bundi wa jamii hii hawajengi kiota na hawana mdomo wa kutoboa mti; wanategemea mashimo yaliyopo tayari, yaliyooza yenyewe au yaliyoachwa na vigogota. Shimo la kumtosha ndege halipatikani kwenye kijiti cha unene wa mkono. Linapatikana kwenye mti mzee au uliokufa umesimama.

Hapo ndipo ninapotaka uone hesabu inavyobadilika. Unapotazama ramani, msitu uko palepale na hata uzio wa umeme wa kuzuia ndovu uko palepale. Ndani yake, mtu anakata muhugu mmoja leo, mwingine wiki ijayo. Muhugu unapendwa kwa kuwa mgumu, una harufu nzuri, mchwa hawauwezi, na wachongaji wa vinyago wanauthamini. Pia hukua polepole mno: mche unaouona leo hautakuwa nguzo ya maana katika miaka ya ujana wa mwanao. Mwingine anachukua fito za Manilkara za kujengea. Mwingine anachukua mti uliokauka kwa kuni, akiamini kwa nia safi kabisa kwamba hadhuru chochote kwa sababu umeshakufa. Picha ya kutoka angani haitaonyesha pengo. Lakini kwa bundi, wa kwanza ameondoa mti wake mkubwa, wa pili ameondoa kivuli cha pa kulala, na wa tatu, yule mwenye nia safi, ameondoa chumba cha kuzalia.

Na si nadharia tu. Munir Virani, mtafiti Mkenya wa ndege wawindao, alianza kuwahesabu katika miaka ya 1990 kwa kusikiliza sauti zao usiku. Mwaka 1993 makadirio yalikuwa jozi 1,000 na kidogo. Yeye na wenzake waliporudia mwaka 2008 walipata kama jozi 800. Ndiyo mia nane uliyoisikia. Usiitazame kama idadi ya kuku bandani. Itazame kama daftari la duka: ndani ya miaka 15 zaidi ya moja ya tano imetoka, na eneo kwenye ramani halikupungua. Zaidi ya hayo, karibu mayai yote yamo katika kapu moja. Moto mmoja mkubwa wakati wa kiangazi kikali upande wa magharibi ungegusa sehemu kubwa ya bundi hawa waliopo duniani. Kinachoniogofya ni hilo kapu, kuliko hata idadi. Ndiyo maana orodha nyekundu ya kimataifa inamweka katika kundi la walio hatarini kutoweka.

Sasa shamba lako. Unauliza kama ukipanda miti atahamia. Nitakuwa mkweli: hatahamia, si kwa mvinje, si kwa mwarobaini, na hata ukipanda mihugu ekari nzima huenda wajukuu wako ndio watakaosubiri jibu. Kichaka kile hakipandwi na mtu. Kinajijenga kwa miongo. Watu wengine hushauri wafugwe, wazalishwe, kisha waachiliwe. Siungi mkono. Ndege aliyezaliwa kizimbani bado atahitaji udongo ule mwekundu wenye miti yake, na kama miti ipo, wale waliopo wataijaza wenyewe bila msaada wetu.

Lakini usiache kupanda. Panda kwa sababu nyingine. Mvinje hutoa fito na nguzo za kujengea ndani ya miaka mitano hivi. Mwarobaini unachongeka vizuri, na wachongaji wa pwani wamekuwa wakishawishiwa kuutumia mahali pa muhugu. Kila boriti inayotoka shambani kwako ni boriti ambayo haikutoka upande wa bundi. Hutamwona akikushukuru, kwa sababu yuko kilomita kadhaa ndani ya kichaka, amefumba macho. Ukijenga banda mwaka huu, uliza fundi mbao zake zimetoka wapi kabla hujalipa. Swali hilo moja, likiulizwa na wateja kumi wa kijiji kimoja, lina uzito kuliko mabango.

Kuhusu miradi ya kipato, sitaki kukupamba maneno. Mradi wa Kipepeo pale Gede, ulioanza mwaka 1993, umewapa wakazi wa kandokando pesa kwa kufuga vipepeo wanaouzwa nje wakiwa bado ndani ya ganda (pupa). Mpango wa ufadhili uitwao ASSETS, chini ya shirika la uhifadhi la A Rocha Kenya, umelipia karo watoto wa sekondari kwa fedha za utalii wa msitu na wa mkoko wa Mida. Nyuki nao wapo. Vyote ni vizuri, na vyote vina kasoro ileile: vinachukua muda, vinategemea mvua au wageni, na havifikii kila boma. Mkaa unalipa jioni hiyohiyo. Anayemlaumu mchoma mkaa bila kulijua hilo hajawahi kukosa unga. Ndiyo maana naona njia yenye nguvu zaidi ni chama cha jamii cha misitu, ambacho sheria inakitambua kama mshirika wa KFS, shirika la serikali la huduma za misitu, katika kusimamia msitu. Pale ndipo mnapokubaliana nani aokote kuni, wapi, na za aina gani. Kama huna uanachama, jiunge, na ukiwa na nafasi ya kusema jambo moja tu kikaoni, sema hili: kuni ziwe zilizoanguka chini, mti mkavu uliosimama uachwe usimame.

Kuna mambo ambayo mimi kwa barua siwezi kukusaidia. Ukisikia misumeno ya mnyororo ndani ya msitu usiku, usiende mwenyewe. Piga simu kituo cha KFS au cha KWS, shirika la wanyamapori, kilicho karibu, taja saa na upande. Ukikutana na mtu anayetembeza bundi au mayai kuuza, vivyo hivyo. Ukimkuta bundi wa aina yoyote ameumia, mfunike kwa kitambaa, mtie katika katoni yenye matundu, iweke penye giza na utulivu, usimlazimishe maji wala chakula, kisha wasiliana na KWS. Jihadhari na kucha zake, hata awe mdogo vipi. Na ukiona kinda chini ya mti, chenye manyoya mororo na macho makali, rudi nyuma ukaangalie kwa mbali. Mara nyingi wazazi wako karibu na wanamlisha usiku. Watu wengi wenye huruma huwaiba watoto wa bundi bila kujua.

Lile la mwisho, nimesoma katikati ya mistari yako kwamba kijana angependa kumwona bundi wa kweli. Mpeleke Gede, kwenye ofisi ya msitu, mtafute mmoja wa waongozaji wa Arabuko-Sokoke. Wanajua jozi zinakolala, na watawafikisha hadi umbali unaofaa. Asibebe tochi ya kummulika machoni, na wala msicheze sauti yake kwenye simu ili aje: dume akiisikia hudhani mwenzake amevamia eneo lake, akaacha kula ili aje kugombana na simu. Mkifika na mkashindwa kumwona, msione aibu. Mwongozaji atanyoosha kidole, na kijana ataanza kuuliza, "Wapi?"